Kabla ya Kuchimba Choo, Waulizeni Akina Mama

Katika mkoa wetu wa Kigoma hakuna haja ya kumweleza mtu mkimbizi ni nani. Wazee wetu wanawakumbuka Warundi wa mwaka 1972. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, tuliwaona wengine wakivuka mpaka kwa miguu, mizigo kichwani. Mwaka 1996 vita ilipowaka ng'ambo, huko Uvira, Fizi na Baraka, mitumbwi ilifika ufukoni kwetu imejaa akina mama na watoto. Na pamoja na wakimbizi tumewazoea pia wale wanaowafuata: magari meupe yenye bendera, vijana wenye vizibao vya rangi, madaftari mkononi. Leo, katika ukurasa wetu wa afya, tuzungumze juu ya hao wa pili, yaani wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na mafunzo wanayopewa kabla ya kuletwa huku.

Maoni yangu ni haya. Mfanyakazi wa misaada ambaye hakufundishwa kuwauliza akina mama, na kisha kuyafuata waliyomwambia, anaweza kuleta dawa, mahindi na maturubai, na bado watu wakaugua na kuumia. Wako wanaodhani hayo ni mambo ya siasa za wanawake. Mimi nasema ni jambo la afya, sawa na chanjo au chandarua.

Tuliyoyaona Kagunga

Mwezi Aprili 2015 Burundi ilichafuka, baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea kipindi cha tatu. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mpakani kabisa. Njia za kutoka pale zilikuwa mbili, chombo cha majini au miguu yako mwenyewe kupanda mlima. Watu walilala ufukoni. Vyoo havikutosha hata kidogo, na maji yaliyokuwa karibu ni ya ziwa. Hayo ndiyo waliyooga, hayo ndiyo waliyokunywa. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, yaani UNHCR, lilikuwa limehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Kati ya waliokufa, 29 walikuwa wakimbizi na wawili Watanzania, kwa maana kipindupindu hakiulizi kitambulisho. Wagonjwa wapya walikuwa 300 hadi 400 kwa siku. Meli yetu ya zamani, Liemba, ilikwenda na kurudi ikiwabeba watu mpaka Kigoma mjini, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na mabasi yakawachukua kwenda Nyarugusu.

Waganga, wauguzi, mabaharia na watu wa mashirika waliofanya kazi ile wanastahili shukrani zetu, maana ilipofika Juni ugonjwa ulikuwa umepungua sana. Hata hivyo tujiulize kipindupindu ni ugonjwa wa namna gani. Ni ugonjwa wa ndoo, wa sufuria, wa nguo za mgonjwa na wa mikono inayomlisha mtoto. Ndoo anaibeba nani? Nguo zilizochafuka anafua nani, na anazifulia wapi? Usiku kucha, ni nani anayeketi karibu na mgonjwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko? Kila msomaji anajua jibu.

(Hapa niseme kwa faida ya wote: mgonjwa wa kuharisha sana apelekwe zahanati mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa. Pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mama mjamzito mwenye kipindupindu awahishwe zaidi, maana mtoto aliye tumboni yumo hatarini.)

Sasa mfikirie kijana aliyeletwa na shirika katika ghasia kama ile. Amesoma, ana bidii, ana kipaza sauti. Anamtafuta kiongozi wa watu, analetewa mzee mmoja au wawili wenye kofia, anawaeleza habari za maji na usafi kwa nusu saa, wanaitikia, anaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Wakati huohuo akina mama wako kwenye maji au kwenye foleni ya zahanati. Hakuna aliyewauliza wanachota upande gani wa ufuko. Hakuna aliyewaambia kwa nini maji ya tangi yana harufu ya dawa, na mama asiyejua sababu ya harufu ile huyamwaga akarudi ziwani, kwa kuwa anaogopa kumtilia mwanawe sumu. Utamlaumuje?

Choo chenye komeo

Mashirika ya misaada yana vipimo vyao. Mwaka 1997 yalianza mpango uitwao Sphere, wa kukubaliana juu ya kiwango cha chini cha huduma. Katika vipimo hivyo, watu 20 wawe na choo kimoja, watu 250 wawe na bomba moja, na kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Ni vipimo vyema, na laiti hata baadhi ya mitaa yetu ya Ujiji na Gungu ingevifikia! Lakini hesabu inaweza kutimia na choo kikabaki kitupu. Kimewekwa mbali, njia ina giza, mlango wake umeelekea mahali wanapokaa wanaume, na hakina komeo. Mchana mama atakwenda. Usiku hatathubutu, wala hatamruhusu binti yake, wataingia vichakani. Mvua ikinyesha uchafu wote unateremka kijitoni, na kijito kinateremka ziwani. Kwa kukosa komeo la bei ndogo kabisa, fedha zote za saruji zimepotea.

Iko pia habari ya hedhi, ambayo magazeti yetu huona haya kuitaja. Binti aliyekimbia na nguo moja anafanyaje? Vitambaa vyake ataanika wapi katika kambi ambayo hema limegusana na hema? Mwaka 2001 UNHCR liliahidi kwamba wanawake na wasichana wote walio chini ya uangalizi wake watapewa vifaa vya hedhi kama jambo la kawaida, na kwamba wanawake watakuwa nusu ya wajumbe katika kamati za wakimbizi. Ahadi ya kwanza haiwezi kutimizwa bila ya pili. Kijana wa kiume mwenye orodha ya maswali hataambiwa haya mambo hata akiuliza kwa adabu zote, na si kosa lake. Ndiyo maana shirika linaloleta wafanyakazi wanaume watupu limekwisha kuziba sikio moja kabla ya kufika.

Kuni

Lakini somo kubwa kuliko yote lilitolewa hapahapa mkoani kwetu, katika kambi za Kibondo, na naona ajabu kwamba halitajwi zaidi. Mgawo wa chakula kambini ulikuwa mahindi na maharage makavu. Kila mama wa Kigoma anajua maharage makavu yanakula kuni kiasi gani. Chakula kiligawiwa bila kuni, na sheria ilimkataza mkimbizi kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Basi akina mama na mabinti wakaenda porini, kila mara mbali zaidi kwa sababu miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na huko wengi wakabakwa.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuonekana katika taarifa yoyote. Aliyebakwa hakuwa na pa kusema. Kambini kesi nyingi ziliishia kwa wazee wa Kirundi, bashingantahe, ambao wangeweza kumtoza mkosaji faini na kuzipatanisha familia, mambo yakaisha. Ndipo mwaka 1996 na 1997 shirika la IRC likaamua kuwauliza wanawake wenyewe katika iliyokuwa Kambi ya Kanembwa. Walifanya kazi kwa utaratibu, kwa kupitia akina mama waliochaguliwa na wenzao. Matokeo yaliwashtua watu. Kati ya wanawake na wasichana 3,803 wa umri wa miaka 12 hadi 49, takriban asilimia 26 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia tangu walipokuwa wakimbizi. Yaani mmoja katika kila wanne, katika kambi yenye zahanati, yenye mgawo, yenye maofisa, yenye kila kitu isipokuwa mtu wa kuuliza.

Baada ya kuuliza, mambo yalibadilika. Vilifunguliwa vituo vya kuwapokea waathirika usiku na mchana, karibu na wodi ya wazazi, ili anayeingia aonekane kama mama yeyote aendaye kliniki. Wapokeaji walikuwa wanawake wakimbizi waliofundishwa kazi hiyo. Hekima ya kukiweka kituo mahali pale haikutoka katika kitabu. Mwanamke anajua macho ya jirani yanatazama wapi. Na tukumbuke kwamba faida yake ni ya kitabibu kabisa: aliyebakwa akifika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia asiambukizwe virusi vya UKIMWI. Zikipita saa hizo kwa sababu ya aibu, nafasi hiyo imekwenda.

Hata hivyo mwaka 2000 shirika la haki za binadamu, Human Rights Watch, lilitoa taarifa juu ya kambi hizohizo za Tanzania, likaonyesha kwamba wanawake bado walikuwa wakipigwa na kubakwa, na kwamba mume mwenye kadi ya mgawo aliweza kuuza chakula cha nyumba nzima na mama asiwe na la kufanya. Jina lililoandikwa kwenye kadi ni jambo la lishe ya watoto. Karani anayeandikisha watu mezani anatakiwa kufundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajashika kalamu.

Mafunzo ya aina gani?

Mtu atasema, mbona mafunzo yapo? Ni kweli. Mwaka 1992 UNHCR lilitoa mwongozo, ulioandikwa na Mary Anderson na wenzake, wa kuwafundisha watumishi wake kupanga kazi kwa kuwatazama watu. Ukiuchuja, unauliza maswali ambayo bibi yako angeuliza: katika watu hawa, nani anafanya kazi gani? Mali ya nani iko mikononi mwa nani? Na hayo yalikuwaje kabla hawajakimbia, na sasa yamegeukaje? Sina ugomvi na maswali hayo. Ugomvi wangu ni namna mafunzo yenyewe yanavyoendeshwa. Mara nyingi ni siku 3 hotelini, chai saa nne, makaratasi makubwa ukutani, kila mmoja anaeleza maana ya neno "jinsia", jioni posho, na mwisho cheti. Mwanafunzi anarudi na cheti, hajawahi kusimama kwenye foleni ya maji.

Mafunzo ninayoyataka yangemtoa mtu hotelini. Aamke alfajiri pamoja na akina mama, abebe dumu la lita 20, ambalo ni kilo 20, mpaka nyumbani kwao. Asimame siku nzima kwenye mgawo bila kutangulizwa. Aende chooni usiku, kwa njia ileile wanayopita mabinti, bila tochi. Kisha aulize, na afundishwe kunyamaza baada ya kuuliza, maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Na baada ya mwezi mmoja arudi kwa akina mama walewale awaonyeshe nini kimebadilika kwa sababu ya maneno yao. Kama hakuna kilichobadilika, mafunzo hayakufaulu, hata kama wanawake 200 walihudhuria mkutano na kupigwa picha.

Tena, kwa nini tunawaendea mbali watu wa kufundishwa? Kirundi na Kiha ni ndugu. Mama wa Manyovu au wa Heru Juu akiketi na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, na wale wa ng'ambo, Wabembe na wenzao, wanaongea Kiswahili chao ambacho Ujiji hakimshangazi mtu. Mara ngapi tumeona mama mkimbizi anasema maneno ishirini, mkalimani wa kiume anatafsiri matatu? Wakunga wa jadi, wahudumu wa afya wa vijiji, walimu wa kike waliostaafu, akina mama wa WAWATA ambao wamezoea kuingia nyumba ya mwenye msiba bila kubisha hodi mara mbili, hao wakipewa mafunzo mafupi leo, wakati hakuna mkurupuko, watakuwa tayari siku mitumbwi itakapofika tena. Mitumbwi kufika tena si jambo la kubuni. Tazama historia ya ziwa hili.

Wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni haraka. Watu wanakufa, wanasema, hakuna muda wa mikutano. Mimi nasema hapo ndipo kuuliza kunapookoa muda. Wakati wa Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, vikosi vya maziko mwanzoni vilichukua maiti bila kuzishirikisha familia, watu wakawaficha wagonjwa na kuzika usiku. Mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa mazishi salama na ya heshima, unaowapa ndugu na viongozi wa dini nafasi yao. Haraka ya mwanzo iliwapotezea muda mwingi.

Hoja ya pili ni mila, kwamba mwanamke hasemi mbele ya wanaume. Pengine hasemi mkutanoni. Kisimani anasema, kliniki anasema, na kwenye kilimo anasema sana! Mfundisheni mfanyakazi kwenda kule anakosema. Wanaume nao wasiachwe nje. Baba aliyepoteza shamba, mtumbwi na heshima yake, akakalishwa kambini mikono mitupu, akiona mkewe anaitwa kila siku na mashirika bila yeye kuelezwa lolote, hasira yake itamwangukia mke huyo.

Na liko jambo zito kuliko hoja zote. Mfanyakazi wa misaada ana mamlaka juu ya mwenye njaa. Katika Ebola ya Kongo mashariki, Beni na Butembo, kati ya 2018 na 2020, baadhi ya waliotumwa kuokoa watu waliwadai wanawake ngono ili wawape kazi. Tume huru ilipochunguza, mwaka 2021 ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Wanawake wale hawakujua wamwendee nani. Mafunzo yasiyomwambia mfanyakazi wazi kwamba jambo hili ni marufuku, na yasiyomwonyesha mama mahali pa kushtaki palipo nje ya mkono wa mshtakiwa, tusiyaite mafunzo.

Sasa fedha zimepungua. Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, na mashirika mengi yamepunguza watumishi. Nachelea kwamba kitu cha kwanza kufutwa katika bajeti ni mafunzo, kwa sababu hayaonekani kama gunia la mahindi linavyoonekana. Fedha zikiwa chache, choo kimoja kisichotumika ni hasara kubwa zaidi kuliko zamani.

Mfano mzuri tunao hapa kwetu. Mwaka 1994 watu wa Taasisi ya Jane Goodall walipoanza mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, shabaha yao ilikuwa misitu. Wanakijiji walipoulizwa, walitaja kwanza afya, shule na maji. Mradi ukapanuliwa kufuata majibu hayo. Pale waliofika kwa ajili ya miti walikubali kuzungumza habari za zahanati.

Basi, ndugu wasomaji mlioko Makere, Kagunga, Manyovu na vijiji vyote vinavyopokea wageni na miradi yao: shirika likija kuitisha mkutano, akina mama waombe ufanyike saa ambayo wamekwisha kurudi shambani, na ombeni mwandishi wa mkutano awe mwanamke. Ulizeni choo kitaelekea wapi, na kama kina komeo upande wa ndani. Ulizeni maharage yatapikwa kwa kuni za nani. Ulizeni jina la nani litaandikwa kwenye kadi, na binti akipatwa na jambo usiku aende mlango gani, na mlangoni pale atamkuta nani.